Nyumba Juu ya Mchanga

Watu wengi wameandika habari za Lagos, na karibu wote wameandika habari za fujo yake: magari, kelele, wezi, masoko, muziki. Leo twataka kutazama sehemu moja tu ya mji ule mkubwa wa Nigeria, nayo ni ile inayoelekea bahari, mahali wanapokaa wenye mali. Tutaitazama kwa njia ya kazi tatu. Ya kwanza ni mchezo wa kuigiza wa Wole Soyinka, The Beatification of Area Boy, wa mwaka 1995. Ya pili ni kitabu cha hadithi cha Chris Abani, GraceLand, cha mwaka 2004. Ya tatu ni picha za kutangaza mji mpya uitwao Eko Atlantic.

Msomaji ataniuliza: Je, picha za tangazo ni kazi ya sanaa, hata uziweke meza moja na Soyinka, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1986? Najibu: ndiyo. Picha hizo zimewavuta watu wengi kuliko mchezo na kitabu pamoja, na kitu chenye nguvu namna hiyo hakifai kupita bila kuhukumiwa. Sinema twazihukumu, kwa nini tuache tangazo?

Kwanza yafaa kufahamu mahali penyewe, maana bila hivyo hatutaelewa lo lote katika kazi hizo. Pwani ya upande ule si mwamba. Ni mchanga mtupu. Mawimbi yatokayo kusini-magharibi huipiga kwa mshazari, nayo hubeba mchanga kutoka magharibi kwenda mashariki, mchana na usiku, kama mstari wa wapagazi usiokwisha. Mchanga huo umejenga ukanda mrefu, mwembamba, na nyuma ya ukanda maji yamefungwa yakawa ziwa la pwani. Wareno waliopita huko zamani waliyaona maji hayo; katika lugha yao, lagos maana yake ni maziwa. Kisiwa cha Victoria na rasi ya Lekki ni sehemu za ukanda huo. Kusini ni bahari kuu, kaskazini ni ziwa, na katikati ni mchanga na, siku za zamani, vinamasi vingi.

Ukanda wa namna hii ni ngao ya bara. Dhoruba hupiga mchanga kwanza, ikachoka kabla ya kuwafikia watu wa ndani. Lakini ngao hiyo inadumu kwa sababu inajongea. Mchanga unaoondoka leo hulipwa na mchanga unaokuja kesho. Ukiwazuia wapagazi njiani, walio mbele watangoja mzigo usiofika.

Basi wapagazi walizuiwa. Serikali ya Kiingereza ilitaka meli kubwa ziingie bandarini, na mlangoni palikuwa na fungu la mchanga lililozuia. Tangu mwaka 1908 walianza kujenga kuta za mawe zinazoingia baharini pande mbili za mlango. Meli zikapita, na biashara ikakua. Mchanga ukajikusanya upande wa magharibi wa kuta. Upande wa mashariki, penye Kisiwa cha Victoria, bahari ikaanza kula. Pwani iitwayo Bar Beach imerudi nyuma zaidi ya kilometa 1 tangu siku hizo. Toka mwaka 1958 serikali ilimwaga mchanga tena na tena ili kurudisha kilicholiwa, na tena na tena bahari ikauchukua.

Na juu ya kisiwa hicho kinacholiwa, matajiri wakajenga. Mtu aweza kucheka, lakini sababu zao zaeleweka. Upepo wa bahari ni mzuri katika nchi ya joto. Macho hupata pa kwenda. Tena, na labda ndiyo sababu kubwa, maji huwatenga na msongamano wa watu. Sisi Wakongo hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Katika Elisabethville ya zamani uwanja mtupu ulitenga mji wa Wazungu na site ya Waafrika, na watu wakaambiwa ni kwa ajili ya kujikinga na magonjwa. Huko Lagos mkono wa maji ulifanya kazi ile ile pasipo kuitwa kwa jina hilo.

Je, maisha ya huko ni ya namna gani? Si haki kuyapaka matope tu. Asubuhi ni tulivu, miti ya bustani ina kivuli, watoto hupelekwa katika shule nzuri, na Jumapili makanisa hujaa. Wengi wa wakaaji si wezi wala majenerali. Ni wafanyakazi wa benki, madaktari, wajane waliorithi, watu waliofanya kazi Ulaya miaka ishirini wakatuma fedha kidogo kidogo hadi ukuta ukasimama. Lakini kila nyumba ni kama serikali ndogo. Ina umeme wake, yaani mashine inayonguruma uani. Ina maji yake, yaani kisima kilichochimbwa kwa mashine. Ina askari wake langoni. Serikali kubwa isipowapa watu kitu, maskini hukosa, naye tajiri hujinunulia. Na baada ya kujinunulia, hana tena haja ya kuidai serikali iwape wote. Hapa nadhani ndipo penye madhara makubwa ya mitaa hii, kuliko katika anasa yenyewe. Watu wenye sauti wameondoka katika madai ya wote.

Tena yako mambo mawili ambayo mali haijaweza kuyanunua. La kwanza ni mvua. Zinapokuja mvua kubwa za katikati ya mwaka, barabara za Lekki hujaa maji, kwa kuwa vinamasi vilivyokuwa vikiyanywa vimefunikwa kwa mchanga na simenti. Gari la bei kubwa husimama ndani ya maji sawasawa na pikipiki. La pili ni daraja. Mpishi, dereva, yaya, mfagizi, mlinzi: watu hawa lazima waje. Wengine huondoka bara kabla ya mapambazuko na kurudi usiku, saa nyingi ndani ya basi. Wengine hulala katika vyumba vya nyuma ya nyumba, vile ambavyo wazee wetu huku waliviita boyeri. Kisiwa kilichojitenga na watu hakiwezi kukaa hata siku moja bila wao.

Haya ndiyo mahali. Sasa yafaa kujua lililotukia mwaka 1990, maana Soyinka na Abani wote wawili wameandika kwa sababu ya jambo hilo.

Mashariki ya Kisiwa cha Victoria, penye kinamasi, palikuwa na mtaa wa maskini uitwao Maroko. Wengine wa wakaaji wake walikuwa wamekwisha kufukuzwa sehemu nyingine za Lagos. Mwezi wa 7 mwaka 1990 serikali ya kijeshi ya jimbo ilitangaza kwamba watu wahame katika siku 7. Tarehe 14 ya mwezi huo katapila zilifika pamoja na askari. Hesabu inayotajwa kila mara ni watu 300,000 hivi waliopoteza makao. Serikali ilitoa sababu zake: mtaa uko chini ya usawa wa bahari na waweza kuzama, ni mchafu, na ardhi ni mali ya serikali. Watu wachache walipewa vyumba katika majumba ambayo hayajakwisha kujengwa.

Na baadaye? Ardhi ile ile iliyosemwa kuwa itazama ilimwagiwa mchanga, ikakatwa viwanja, na leo imejaa nyumba za thamani kubwa. Maji yalikuwa hatari yalipomtisha maskini. Alipokuja tajiri yakawa mandhari nzuri.

Tuanze na Soyinka. Mchezo wake unafanyika mbele ya duka kubwa la fahari katikati ya Lagos. Mlangoni amesimama Sanda, mlinzi mwenye sare. Kijana huyu aliacha masomo ya chuo kikuu, na kwa siri yeye ndiye mkuu wa vijana wa mtaani wanaowatoza fedha wenye magari. Karibu naye yuko mama muuza chakula, Mama Put, ambaye kisu chake cha jikoni ni singe ya bunduki aliyoitunza tangu vita ya Biafra. Siku hiyo arusi kubwa ya watu wakubwa inatayarishwa mbele ya duka, na gavana wa kijeshi anangojwa. Wakati huo huo watu wa Maroko wanapita na mizigo yao, wamefukuzwa, hawana pa kwenda. Hilo ndilo jambo lenye nguvu kuliko yote katika mchezo: arusi na msafara wa waliofukuzwa vinashindania njia moja.

Neno la jina la mchezo litamshtua Mkatoliki kidogo. Beatification ni tendo la Kanisa la kumtangaza mtu kuwa Mwenye Heri. Soyinka analichukua neno hilo na kumvika mhuni wa mtaani. Wako watakaosema ni dhihaka. Mimi sioni hivyo. Mwandishi anauliza watu wa Lagos wanamheshimu nani, wanamsujudia nani, wanamfungulia nani mlango. Swali hilo ni la haki hata kama anayelileta si mtu wa Kanisa. Lakini Sanda hatozi matajiri tu. Anayelipa ni ye yote anayeogopa, na mwenye gari kuukuu huogopa kuliko mwenye gari jipya, kwa maana hana jingine. Mchezo unapita hapo kwa kicheko. Mwishoni bibi arusi, Miseyi, anamwacha bwana aliyechaguliwa na ukoo na kumfuata Sanda. Jambo hilo lapendeza jukwaani, nalo lapigiwa makofi. Lakini watu wa Maroko wamekwisha kupita na mizigo yao, na arusi iliyovunjika haiwajengei hata kibanda.

Neno moja la pembeni. Soyinka alikimbia nchi yake mwaka 1994 kwa sababu ya utawala wa Abacha, na mchezo ukaonyeshwa mara ya kwanza katika mji wa Leeds, Uingereza, mwaka 1995. Hivyo watu wa kwanza waliowaona wakimbizi wa Maroko wakipita jukwaani walikuwa Waingereza waliokata tikiti.

Kitabu cha Abani ni cha namna nyingine. Hakitazami Maroko kutoka mlango wa duka. Kinakaa ndani yake, juu ya mbao zilizotandikwa juu ya maji meusi. Shujaa wake ni kijana aitwaye Elvis, jina alilopewa kwa ajili ya mwimbaji wa Marekani. Mama yake amekufa, na baba yake, Sunday, ni mlevi aliyeshindwa katika siasa. Katikati ya milango ya kitabu mwandishi ameweka maandishi ya daftari la mama: namna ya kupika vyakula, na majani ya dawa. Wasomaji wengine huyaruka maandishi hayo. Wasiyaruke. Mtaa unapobomolewa, daftari hilo ndilo nyumba pekee aliyobaki nayo mtoto.

Hadithi imeweka ubomoaji wa Maroko mwaka 1983, miaka 7 kabla ya ule tunaoujua. Simlaumu mwandishi kwa hilo, maana hadithi si hati ya mahakama. Lakini msomaji ajue, asije akaitumia kama kitabu cha historia. Katapila zinapofika, Sunday, baba aliyekuwa hafai kitu, anasimama mbele ya nyumba yake na kuuawa. Hakuwahi kuitengeneza nyumba hiyo. Anakufa kwa ajili yake. Sijasoma mahali pengine maelezo bora kuliko hayo juu ya jinsi mtu anavyoweza kupenda kibanda ambacho mwenye kiwanja anakiona takataka.

Lakini ukurasa ninaotaka kuukazia ni wa mwanzoni. Elvis anakwenda pwani kucheza na kuimba mbele ya wageni weupe. Amejipaka poda usoni na kuvaa nywele za bandia ili afanane na mwimbaji yule. Wageni hawajui wamfanyie nini. Hawamchukii, wanataka tu aondoke. Hapo kwa dakika chache pande mbili za kisiwa zinakutana uso kwa uso, na uso mmoja umefunikwa poda. Abani alikuwa na mlango wazi mbele yake wa kuingia katika roho za watu wale waliokaa mchangani: waliona nini, walisema nini waliporudi mezani, nani kati yao alikosa usingizi? Hakuingia. Kitabu kinageuka na kurudi Maroko, na matajiri hawaonekani tena ila kama majeshi na majambazi.

Mwisho wa kitabu nao una neno la kusemwa. Rafiki wa Elvis aitwaye Redemption, yaani Ukombozi, anampa pasi yake ya kusafiria, na Elvis anaondoka kwenda Marekani kwa jina hilo. Mwandishi anajua vizuri anachofanya. Jina halikuwekwa bure. Walakini namwuliza: ukombozi gani huu, unaopatikana kwa pasi ya mtu mwingine, naye mwenye pasi amebaki nyuma? Labda ndilo swali analotaka tuulize. Kama ni hivyo, amelificha mno, na vijana wengi wanaosoma kitabu hiki watashika jibu moja tu, la ndege.

Sasa picha. Eko Atlantic ni mji unaojengwa juu ya mchanga uliovutwa kutoka chini ya bahari na kumwagwa mahali palipokuwa Bar Beach. Mpango ni eneo la kilometa za mraba 10 hivi, lenye ukuta wa mawe na simenti wa zaidi ya kilometa 8 upande wa bahari, na wakaaji 250,000. Mwezi wa 2 mwaka 2013 Rais Goodluck Jonathan alifanya sherehe huko, pamoja na Bill Clinton, rais wa zamani wa Marekani.

Nimezitazama picha zake kama mtu anavyotazama mchoro wa altare, kila pembe. Majumba ya vioo yamepangwa sawa. Miti iko katika mistari, yote ya kimo kimoja. Kuna mashua nyeupe. Jua ni la saa kumi na moja jioni siku zote, na hakuna mvua. Watu ni wachache, wanatembea polepole, na katika zile nilizoziona mimi hakuna hata mmoja aliyebeba kitu kichwani. Hakuna mwanamke mwenye beseni. Hakuna mtu anayeosha vile vioo. Nani atakayeviosha, atakula wapi mchana, na usiku atalala upande gani wa maji? Mchoraji hakusahau, amewafuta. Soyinka na Abani wamemfanya tajiri kuwa mavazi tu, agbada na sare. Mchoraji huyu amemfanya maskini kuwa hewa. Mimi naona makosa haya mawili ni ndugu, ingawa la pili ni baya zaidi, kwa sababu lina katapila nyuma yake.

Nisipunguze haki ya wajenzi. Wao wanasema ardhi hiyo ilikuwa ya Lagos kabla bahari haijaila, na kwamba ukuta wao unakilinda Kisiwa cha Victoria. Ni kweli kwamba barabara kuu ya pwani ilikuwa ikifunikwa na mawimbi, na kwamba ukuta umeikinga. Lakini tukumbuke wapagazi wa mchanga. Wimbi lililozuiwa hapa halifi, linasogea. Mwezi wa 8 mwaka 2012 bahari ilipasua pwani ya Kuramo, jirani upande wa mashariki, ikaua watu waliokuwa wakikaa katika vibanda vya mchangani, nayo serikali ikawahamisha waliosalia. Mbele zaidi, kijiji cha Okun Alfa kimepoteza nyumba na barabara. Wakaaji wa huko wanaulaumu ujenzi. Wajenzi wanakataa, wakisema bahari ilikuwa ikila kabla yao. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na hilo ndilo linalouma: kilichowaletea bahari mwanzoni ni kuta za mwaka 1908, zilizojengwa kwa ajili ya meli, si kwa ajili ya mtu wa Okun Alfa, naye hakuulizwa wakati ule wala wakati huu.

Wasomaji wetu wamekwisha kufikiri juu ya mfano wa Bwana Yesu katika Injili ya Mathayo, mlango wa 7, juu ya mtu mpumbavu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Wahubiri wengi wangeutumia hapa upesi. Nawasihi waende polepole. Huko Lagos mambo hayakutokea kama katika mfano. Mvua ilinyesha, mafuriko yakaja, pepo zikavuma, na nyumba ya tajiri iliyo juu ya mchanga haikuanguka. Ilikuwa na ukuta. Iliyoanguka ni ya jirani yake. Bwana Yesu alikuwa akisema juu ya wale wanaosikia maneno yake bila kuyatenda, hakuwa akifundisha ujenzi. Ukiutumia mfano huu kumtisha tajiri kwamba jumba lake litabomoka, atacheka, kwa maana amewauliza mainjinia.

Mfano unaofaa zaidi ni ule wa Luka, mlango wa 16. Hapo maskini ana jina, Lazaro, na tajiri hana. Mtu angeweza kusema basi Soyinka na Abani wamefuata Injili: maskini wao wana majina, matajiri hawana. Lakini tusome mpaka mwisho. Tajiri wa Luka hana jina, walakini ana kiu. Ana ndugu watano. Anawahangaikia. Anabishana na Abrahamu. Luka amempa sauti nyingi kuliko Lazaro, ambaye hasemi neno hata moja. Ndiyo maana mfano ule wamwingia mtu mwenye mali, akiwa anakaa Lekki au penginepo: anajisikia mwenyewe akisema. Akisoma GraceLand atahuzunika sana, kisha atakifunga kitabu na kwenda kulala, kwa sababu yeye hamo.

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alisema juu ya mahali pazuri panapofanywa mali ya watu binafsi, na juu ya mitaa inayofungwa ili wageni wasiingie kuharibu utulivu wake. Maneno yale hayakusemwa kwa ajili ya Lagos peke yake.

Tena hayako mbali nasi. Huko Kinshasa mtaa uitwao Cité du Fleuve umejengwa kwa kumwaga mchanga juu ya vinamasi na mafungu ya mchanga ya mto Kongo, mahali ambapo watu walikuwa wakivua na kulima. Huko nako picha zilitangulia nyumba. Mtaalamu Mbelgiji Filip De Boeck, ambaye amechunguza maisha ya Kinshasa miaka mingi, ameandika jambo lililonifanya nikae kimya: hata watu waliojua kwamba wao ndio watakaoondolewa waliusifu mpango kwa uzuri wake. Picha iliwashinda. Walijiona wamefutwa ndani yake, na bado wakasema ni nzuri. Kwa sababu hiyo nilisema tangu mwanzo kwamba tangazo lapasa kuhukumiwa kama mchezo na kitabu. Mtu aliyefundishwa kuuliza ni nani anayeosha vioo atasimama mbele ya picha ya namna hiyo kwa miguu yake mwenyewe.

Kitabu ambacho hakijaandikwa, nami nangoja mtu akiandike, ni cha mpishi wa nyumba moja ya Lekki na bibi mwenye nyumba hiyo, wote wawili watu wema, wote wawili wanaosali katika kanisa moja, mwaka ambao serikali inakuja kubomoa mtaa wa mpishi. Bibi atafanya nini asubuhi ile chai inapochelewa? Mwandishi atakayejibu bila kumfanya bibi kuwa shetani wala mpishi kuwa malaika atakuwa ametoa kile ambacho kazi hizi tatu zimeshindwa kutoa.

Kwa wale watakaotaka kuzitafuta: GraceLand si kitabu cha kuwapa watoto wa shule, kina ukatili mwingi na mambo mabaya wanayotendewa vijana, na mwandishi hayafuniki. Walimu na wakubwa wakisome kwanza. Mchezo wa Soyinka unafaa kwa vikundi vya vijana wa parokia vyenye kiongozi mwenye akili. Una nyimbo, una kicheko, na hauhitaji jukwaa la gharama. Ngazi za duka lo lote zatosha. Maneno yake ya Kiingereza cha mtaani yageuzwe kuwa Kiswahili cha site, si cha shule, la sivyo Sanda atasema kama katekista. Na msafara wa watu wa Maroko upitishwe katikati ya watazamaji wenyewe, na mizigo ya kweli, ili watu walazimike kusogeza viti vyao.